Tao la Maua Lililofunga Kabla ya Picha

Jamani, leo sina pa kuuweka uso. Nimeadhirika mlangoni mwa kanisa, hapa hapa Makambako, mchana kweupe.

Mdogo wangu kaoa leo. Wiki nzima kamati ya harusi inahangaika na tao la maua, lile la mlangoni ambapo maharusi wanapigwa picha. Wakataka kuita mpambaji kutoka Njombe mjini na maua yake ya plastiki. Nikasimama. "Plastiki? Na mimi mwalimu wa baiolojia nipo? Niachieni." (Hakuna aliyeniuliza. Nilisimama tu.)

Saa kumi na mbili asubuhi nipo kando ya reli na panga. Kule kuna mmea mwitu unaotambaa, ndugu wa viazi vitamu, umepanda uzio wote. Majani umbo la moyo. Maua ya zambarau, petali tano zimeungana zikawa tarumbeta moja. Mazuri, hamtaamini! Ukikata shina linatoa utomvu mweupe. Wote umeishia kwenye shati langu la harusi. (Hilo lilikuwa onyo. Sikulisikia.)

Saa mbili tao tayari. Baridi, ukungu, maua yote yako wazi. Katibu akapiga picha, akarusha kwenye grupu la harusi. Pongezi zikamiminika. Nikajibu, "Kawaida tu."

Misa ilikuwa ianze saa nne. Bibi harusi anatoka Igwachanya, gari lao likapata pancha njiani. Wamefika saa tano na nusu, ukungu umekwisha, jua linawaka. Hata tao hawakuliangalia, wakakimbilia ndani. Saa saba tunatoka, kwaya mbele, vigelegele nyuma.

Vigelegele vikakatika.

Tao zima halina ua hata moja lililo wazi. Yote yamejifunga, yamejikunja kama tishu iliyokwishatumika. Mpiga picha akashusha kamera.

Shangazi wa bibi harusi, mkulima wa mahindi, akasogea akashika jani, akanisalimia kwa Kibena. "Kamwene, mwalimu. Haya si magugu? Jana nimeshinda nayang'oa shambani, leo nayakuta kanisani!"

"Ni maua, shangazi," nikasema. "Yamechoka tu na jua."

"Hayajachoka." Huyo ni bibi harusi, sauti ya upole kabisa kutoka ndani ya shela. (Nilimfundisha kidato cha pili. Sikuwahi kudhani atakuwa shemeji yangu.) "Yanafunguka alfajiri, yanafunga kabla ya mchana. Ulitutungia swali hilo hilo, mwalimu. Mimi niliandika yanafunga jioni, ukaniwekea kosa. Ukanisimamisha mbele ya darasa, nikarudia jibu mara kumi."

Watu wakaangua kicheko. Padri naye! Mdogo wangu akainama, eti anafunga kamba za viatu.

Mimi sikucheka. Binti wa watu ana siku moja tu ya picha, na nimeiharibu kwa mdomo wangu. Nikamwambia, "Nisamehe, shemeji."

Akanishika mkono, akanisimamisha katikati ya tao. Akamwita mpiga picha.

"Nimekusamehe. Sasa rudia, mwalimu. Mara kumi."

Nimerudia. Ukoo mzima ulikuwa unahesabu. Video ipo kwenye grupu. Ukiiona, tafadhali usicheke, na kama uliwahi kuwa mwanafunzi wangu, usiifungue kabisa.