Meno Yangu Yamo Kinywani mwa Papa Wenu

Kwako Ndugu Mkurugenzi wa Maonyesho ya Sanaa za Taka za Ufukweni,

Pokea salamu zangu za heshima, na uniwie radhi ikiwa mwandiko utapinda hapa na pale. Ni hasira, si uzee.

Kuhusu: KURUDISHIWA MENO

Mimi ni mtangazaji mstaafu wa stesheni ya treni, mume wa mke mmoja na baba wa mabinti wawili. Wa kwanza tulishamwoza. Wa pili anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na mimi, baba mzazi, ndiye wa kutoa hotuba. Hotuba hiyo naiandaa tangu bibi harusi akiwa chekechea. Ina utangulizi, ina nasaha kwa bwana harusi, ina nasaha kwa wazazi wa bwana harusi, ina historia ya ukoo wetu kwa ufupi na kisha kwa urefu. Kila kitu kipo isipokuwa meno, na meno unayo wewe.

Ngoja nieleze. Miezi michache iliyopita tulikwenda ufukweni kupunga upepo. Kabla ya kuingia majini nilivua meno yangu ya bandia ya juu, nikayafunga kwenye leso na kuyaacha kwenye mkeka, kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu mawimbi hayana adabu. Niliporudi, leso ilikuwepo, meno hayakuwepo. Mke wangu, aliyekuwa amekaa palepale, alisema wimbi lilipanda ghafla likayabeba. Nilipiga magoti nikaufukua mchanga kwa mikono mpaka watu wasionijua wakaanza kuja kunipa pole ya msiba.

Nikakubali yaishe. Kisha juma lililopita nikafungua gazeti, nikaona picha ya mgeni rasmi akikata utepe mbele ya papa mkubwa aliyeundwa kwa ndala, chupa za plastiki, miswaki na nyavu kuukuu. Papa alikuwa anacheka. Ndugu Mkurugenzi, nilikitambua kicheko kile kabla sijasoma hata neno moja. Meno yale yana mwanya katikati. Nilizaliwa na mwanya, mke wangu alinipendea mwanya, na meno yangu yalipong'oka nilimwambia fundi wa meno anitengenezee mengine yenye mwanya uleule. Fundi alinikodolea macho, akasema watu huja kwake kuziba mianya, si kuiagiza. Kwa hiyo tusipotezeane muda kubishana ni meno ya nani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibao mlichoweka chini ya papa kimeandikwa: TAKA, ZAO LA UZEMBE WA BINADAMU. Hilo ni tusi. Meno hayo nilikuwa nayapiga mswaki asubuhi na jioni, nayalaza kwenye glasi ya maji safi, na mgeni akibisha hodi nayavaa kabla sijavaa shati. Ni taka gani hiyo inayotunzwa hivyo? Kama kuna uzembe, ni wa bahari, na sijaona kibao kinachoilaumu bahari.

2. Nilipofika ukumbini kuhakikisha, nilimkuta mwalimu na darasa zima mbele ya papa. Mwalimu alinyoosha rula hadi kwenye meno yangu, akawaambia watoto kwamba kuna mtu alikula, akashiba, akayatupa baharini bila kuwafikiria samaki. Mtoto mmoja akauliza kama mtu huyo alishakufa. Mwalimu akajibu, "Pengine." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, mzima wa afya, ila siwezi kujibu. Bila meno ya juu, maneno yangu yanatoka upepo mtupu. Nilipunga mkono tu, watoto nao wakanipungia.

3. Mlinzi wa mlangoni alinikatalia kuyajaribu. Aliniambia, "Mzee, kazi za sanaa haziguswi." Nikamwonyesha ufizi wangu kama kitambulisho, akageuka pembeni. Akaongeza kwamba kila siku wanakuja watu wa namna yangu, na juzi alikuja bwana mmoja na ndala ya kulia akiulizia ya kushoto. Bwana huyo nimemtafuta na nimempata. Ndala yake ndiyo pezi la mgongoni. Ameniomba nimtaje katika barua hii, na nimemtaja.

4. Papa huyo hana tumbo.

Naomba uitafakari hoja hiyo ya nne kwa utulivu, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nimechungulia mwenyewe: nyuma ya meno yangu kuna waya, kisha gunia, kisha ukuta. Meno ambayo yametafuna nyama, karanga na mahindi bila kulalamika sasa yamekaa bure mchana kutwa yakipigwa picha, wakati mwenyewe nalowesha mkate kwenye chai. Mmetangaza kwamba lengo la maonyesho ni kuufundisha umma kuvitumia tena vitu vilivyotumika. Vizuri sana, naunga mkono. Basi ni matumizi gani tena yanayozidi kuyarudisha kinywani? Ukinirudishia, nitakuwa ndiye raia wa kwanza kulitekeleza somo lenu, na kulitekeleza kila siku wakati wa chakula.

5. Nasikia siku ya ufunguzi wageni waalikwa walipewa maji ya chupa, wakanywa, wakaziacha chupa kwenye nyasi, na msanii akazikusanya kwa furaha akisema ameshapata pweza wa mwaka ujao. Sina ugomvi na pweza. Nasema tu kwamba kama taka zinapatikana kwa urahisi hivyo, hapakuwa na sababu ya kugusa meno ya mtu.

Msanii mwenyewe nimempigia simu. Mwanzoni alidhani mtandao ni mbovu. Tulipoelewana alinijibu kwa upole, ni binti mwenye malezi, lakini alisema meno yale ndiyo roho ya ujumbe wote na bila hayo papa atabaki anapiga miayo. Ameahidi kunitengenezea mengine kwa vizibo vya soda. Nilimshukuru, nikakata simu, nikashika tama. Fundi wa meno naye amesema mapya hayatawahi harusi.

Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni. Familia imeanza kunong'ona kwamba hotuba apewe shemeji yangu, mjomba wa bibi harusi. Simsemi mtu vibaya, lakini huyo ni mtu ambaye akisimama kuongea, hamjamaliza kukohoa ameshakaa. Atasema "karibuni, kuleni, asanteni." Hayo ndiyo maneno ya kumuaga mtoto wa mtu? Nitakaa kiti cha mbele nimefumba mdomo huku mwanangu akiondoka nyumbani bila neno langu hata moja. Naumia, Ndugu Mkurugenzi. Nasema wazi kwamba naumia.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu unisaidie kwa mojawapo ya njia hizi. Nirudishie meno. Ikishindikana, niazime kwa siku ya harusi tu, mlinzi aje nayo na aketi karibu nami, sahani yake ipo. Ikishindikana hilo pia, kwa kuwa kazi ya sanaa haiwezi kutenganishwa, basi mlete papa mzima harusini. Nimepima mlango wa ukumbi na anapita akilazwa ubavu. Atakaa meza kuu upande wetu, mimi nitasimama nyuma yake na kuingiza uso kinywani kwa muda wote wa hotuba, na wageni watapata elimu ya mazingira palepale, tena bila kiingilio. Na kama hata papa hawezi kutoka, haki iliyobaki ni moja: mnihesabu mimi kuwa sehemu ya kazi hiyo. Mniwekee kiti ukumbini, kibao changu, na taa. Harusi itahamia huko. Bwana harusi ameshaniambia hana neno, ingawa alisema hivyo akiangalia mlango.

Nasubiri jibu lako nikiwa na imani, na pia nikiwa na njaa. Nisalimie mgeni rasmi, mlinzi, na msanii na pweza wake. Ukimwona yule mwalimu, mwambie awaambie watoto kwamba sijafa.

Wako katika kuyatunza mazingira,
Baba wa Bibi Harusi,
kibogoyo kwa muda

Nyongeza: Ndugu Mkurugenzi, hapa anayeandika ni mke wake. Nimepewa barua niipeleke posta, nikaifungua. Tafadhali, meno hayo usiyatoe kabla ya harusi. Bahari haikuchukua kitu. Niliyatoa mimi kwenye leso wakati yeye anaogelea, nikampa yule msanii aliyekuwa amekaa mchangani na papa wake hana hata jino, nikamwambia nimeyaokota majini. Msimlaumu msanii, hakujua. Binti yangu ndiye aliyeniomba, tena kwa machozi. Kwenye harusi ya dada yake, baba yao alishika kipaza sauti chakula kikiwa cha moto, akakiachia wapishi wameshaosha masufuria, na bwana harusi amenilalia begani. Hata stesheni walimstaafisha mapema, kwa sababu treni ilikuwa inafika, inashusha, inapakia na kuondoka, yeye bado anaikaribisha. Huyu mtoto anataka kucheza kwenye harusi yake mwenyewe, basi. Ila Jumatatu baada ya harusi nitakuja kuyachukua kwa mkono wangu, asubuhi na mapema, na papa mtamtafutia mengine. Tangu meno yatoke, mume wangu ananikubalia kila ninachosema, na nimechoka kula na mtu asiyenibishia.