Zulia la Khala Turani

Kwetu Tehran, siku ya kumi na tatu ya mwaka mpya nyumba haikaliki. Ukibaki ndani, mkosi wa mwaka mzima unabaki humo nawe, unakunywa chai yako. Kwa hiyo mji wote unahamia bustanini: masufuria, mabibi, mipira, vishada, ndege kwenye vizimba, hata mgonjwa anabebwa na godoro lake. Watu wenye akili timamu huona hapo siku ya kupunga upepo wa machipuko. Kiumarsi aliona masufuria maelfu kwa maelfu, na hakuna hata moja lenye mlinzi.

Msimhukumu haraka. Kijana alikuwa amebanwa. Alimpenda Golnari, binti wa Bwana Hushangi muuza vioo, naye Golnari alimpenda, Mungu amsaidie. Tatizo ni kwamba Kiumarsi alimwambia mzee kuwa ana kiwanda cha barafu, na ukweli ni kwamba alikuwa na tai moja.

"Haya, mwenye barafu," mzee akamwambia. "Tulishe siku ya kumi na tatu. Nikishiba vizuri tutazungumza. Nikishiba vibaya, kuna daktari wa meno anabisha hodi kwangu kila wiki."

Mfukoni Kiumarsi alikuwa na mbegu za tikiti, basi. Lakini mjini akili! Asubuhi hiyo alisimama sebuleni kwa Khala Turani, dada ya marehemu mama yake, aliyemlea tangu anatambaa, akalitazama zulia lake jekundu la Kashani, akashusha pumzi.

"Khala, zulia gani hili! Mashallah!"

"Lako hilo, mwanangu," akasema Khala. "Halina thamani mbele yako."

Haya ni maneno ya adabu tu, kila mtu anajua. Kwetu ukisifu kikombe, kikombe ni chako. Ukisifu mbuzi, mbuzi ni wako. Nawe unatakiwa ujibu, "Hapana, linapendeza kwa sababu yako," na kila kitu kinabaki mahali pake, watu wameheshimiana na hakuna aliyepata hasara. Kiumarsi alijibu, "Asante sana." Kisha akangoja Khala aende kununua letasi, akalikunja, akalitia begani.

Bustanini alilitandika kando ya mfereji, chini ya mti mkubwa wa mchenari, akafunga tai, akajitundika kifuani kadi ya bwawa la kuogelea iliyokwisha muda wake, akaazima spika ya mzee anayepita na gari akinunua vyuma chakavu.

"Mabibi na mabwana! Shindano la Kapu Bora la Machipuko! Familia itakayoleta sahani tamu kuliko zote itaondoka na zulia hili! Jopo la majaji liko njiani, nalo lina njaa!"

Lo! Mchokoze mtu wa Tehran kwa jambo lolote, atakusamehe. Mwambie pilau ya jirani ni tamu kuliko yake, hapo umeanzisha vita. Kufumba na kufumbua, sahani zilikuwa zinakuja mbiombio. Mama mmoja alileta wali wa mboga na samaki. Mwanamume mwenye masharubu alileta mishikaki kumi, akamnong'oneza Kiumarsi, "Kaka, kuku wa yule pale ni wa jana. Mimi sisemi kitu. Nakwambia tu." Wa kuku wa jana naye akaja kusema kwamba mishikaki ile ni ya punda. Kiumarsi akawapokea wote kwa kuinama, mkono kifuani, mate yakimtoka.

Bwana Hushangi alipofika na mkewe na Golnari, alikuta karamu ya mfalme juu ya zulia la mfalme. Kabla hajaketi, watu wakaanza kumwamkia.

"Karibu, Bwana Jaji! Onja na hii, Bwana Jaji!"

Mzee akavimba. Hakuna aliyewahi kumwita jaji, na jina lilimkaa vizuri. "Kiumarsi, hawa wote ni nani?"

"Watu tu, baba. Wananipenda."

Golnari alichovya jani la letasi kwenye asali iliyochanganywa na siki, akalitafuna taratibu huku akimtazama kijana wake kuanzia tai mpaka ile kadi ya bwawa. "Barafu inalipa, ee?" akamwambia chinichini.

"Tafuna, mpenzi. Usiulize."

Akacheka, akainama kuzifunga nyasi vifundo, kama wafanyavyo wasichana siku hiyo wakiomba mume. Alifunga kimoja, akafikiri kidogo, akaongeza cha pili kwa tahadhari.

Mzee alikula. Alikula kwa bidii, akalegeza mkanda, akala tena. Kiumarsi aliona harusi hii hapa, inakuja mbio. Ningetamani kuwaambia mambo yaliishia hapo, lakini njia ya mwongo ni fupi. Mwenye masharubu alisimama.

"Majaji wameshiba. Mshindi ni nani?"

"Mshindi! Mshindi!" umati ukaitikia, na watoto wakaanza kupiga masufuria.

Kiumarsi akapiga hesabu. Akisema hakuna mshindi, watamchanachana mbele ya mkwe. Akilitoa zulia, Khala Turani atamchanachana jikoni. Akawatazama watu mmoja mmoja, na mwishowe macho yake yakatua kwa Bibi Esmati, kikongwe mwenye mtandio wa maua meupe, aliyeleta kimanda cha majani na kuomba radhi mara tatu kwamba ni kibaya. Hapo moyo wa Kiumarsi ukaruka kwa furaha. Huyu ni bibi wa adabu za zamani! Ukimpa kitu, atakataa. Lazima akatae! Ukimpa mara ya pili, atakataa. Mara ya tatu ndipo angepokea, lakini nani atafika mara ya tatu? Akikataa tu, Kiumarsi atasema, "Basi sitakulazimisha, mama yangu," na zulia litarudi begani.

"Mshindi ni Bibi Esmati!" akatangaza. Akapiga goti. "Mama, zulia hili ni lako. Halina thamani mbele yako."

Umati ukatulia, ukingoja utamu wa kukataa.

"Nimekubali," akasema Bibi Esmati.

Hata watoto waliacha kupiga masufuria.

"Unasemaje, mama?"

"Nimekubali, mwanangu. Likunje vizuri, usilivunje pindo."

"Lakini... hukatai kwanza? Kidogo tu?"

Bibi akatikisa kichwa. "Nilikaa kwa mwanangu Hamburg miaka kumi. Siku ya kwanza jirani aliniletea keki. Nikasema, 'Hapana, asante.' Akaondoka na keki yake! Nikamngoja arudi. Mpaka leo hajarudi! Tangu siku hiyo nimeapa, nikipewa napokea. Haya, kunja."

Akakunja. Angefanyaje? Alikunja huku akitabasamu, na moyoni analia kabisa, kwani juu ya zulia lile ndipo alipojifunza kutembea. Lakini nyuma yake Bwana Hushangi alikuwa amesimama, macho yamemlowa, masharubu yana mchuzi.

"Mmeona?" akapaza sauti. "Mmemwona kijana huyu? Anagawa zulia la Kashani kama anayegawa maji! Mwanangu, mbele ya moyo kama huo mimi nina nini? Nyumba yangu ni yako. Duka langu ni lako. Binti yangu ni wako!"

Maneno ya adabu tu, kila mtu anajua. Mzee alikuwa ameshafungua mikono apokee, "Hapana, baba, sistahili." Kiumarsi akamtazama Bibi Esmati. Bibi akamkonyeza.

"Nimekubali," akasema Kiumarsi. "Duka libaki."

"Na mimi nimekubali," akadakia Golnari, akiruka juu na nyasi mkononi, "na watu wote hawa ni mashahidi!" Umati ukalipuka kwa vigelegele. Bwana Jaji angeikanaje hukumu yake?

Jioni Khala Turani alimkuta mpwa wake amesimama kwenye sakafu tupu.

"Zulia langu liko wapi?"

"Khala, ulisema ni langu."

Khala akaitazama ile sakafu. Kisha akatabasamu. "Kweli, nilisema." Tabasamu lile lingemtisha mtu yeyote mwenye akili, lakini Kiumarsi alikuwa mchumba, akili alishaiazima kwingine.

Harusi ilifungwa, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la mkate. Siku Khala alipowatembelea mara ya kwanza, akasifu dirisha, akasifu mwanga, akasema, "Nyumba gani hii! Mashallah!" Bwana harusi, kwa raha zake, akaweka mkono kifuani, akainama.

"Nyumba yako hii, Khala. Haina thamani mbele yako."

"Nimekubali," akasema Khala Turani.

Akafungua mlango, akaingiza birika lake kubwa la chai, godoro na masanduku mawili aliyokuwa ameyaacha ngazini. Golnari alicheka mpaka akashika ukuta. Khala akavua viatu, akaketi katikati ya chumba chenye dirisha, akaipapasa sakafu.

"Hapa pana baridi, mwanangu," akasema. "Pangependeza zulia."