Rudisheni Maji Uani Kwangu

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kutandika na Kukarabati Nyasi Bandia.

Ndugu Meneja,

Kuhusu: Malalamiko dhidi ya fundi wako aliyefanya kazi vizuri kupita kiasi

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako wote, isipokuwa fundi mmoja mrefu mwenye kofia ya kijani, ambaye bado sijaamua nimtakie nini.

Nitaeleza kwa heshima. Ua wangu umetandikwa nyasi bandia. Aliyezitandika mwanzo, ambaye hakutoka kwenu, alitanguliza chini yake karatasi ya nailoni isiyo na tundu hata moja, ili, kwa maneno yake, maji yasisumbue. Basi kila mvua iliponyesha maji yalibaki pale pale, nyasi zikavimba katikati kama mkate, na aliyekanyaga upande huu alimwinua aliyesimama upande ule. Harufu nayo haikukosekana. Mke wangu akachoka, tukawaita ninyi.

Fundi wako alikuja, akabandua nyasi, akaing'oa nailoni, akachimba mfereji, akalaza bomba lenye matundu, akajaza kokoto, akashindilia mchanga, akaunganisha vipande kwa gundi hata mshono hauonekani, kisha akazichana nyasi kwa brashi kama mama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Mvua iliyofuata ilinyesha asubuhi. Kufika mchana ua ulikuwa mkavu. Hapo ndipo balaa langu lilipoanza, nalo ni kama ifuatavyo:

1. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Dakika Mbili kwa sababu kila akija husema hakai. Enzi za maji alikuwa mkweli: alisimama getini, akatazama viatu vyake, akatusalimia kwa mbali na kwenda zake. Tangu ua ukauke, amekaa. Ana kiti chake, ana kivuli chake, na juzi nimemsikia akimwelekeza mtu kwa simu aje "hapa kwangu".

2. Jirani yetu fundi cherehani amekihamishia hapa kikundi chake cha akina mama. Sina ugomvi nao; ni watu wa maana na wanacheka vizuri. Lakini wananiomba nisogee, na nikishasogea wananiuliza mbona nimesimama.

3. Mpiga picha wa mtaa wetu sasa huleta maharusi. Hakuniomba mimi, alimwomba Dakika Mbili, naye akamruhusu kwa moyo mkunjufu. Jumamosi nilizuiwa kwenye geti langu mwenyewe mpaka bibi harusi apangwe vizuri. Nimo katika albamu ya watu nisiowajua, nyuma kabisa, nimebeba mfuko wa vitunguu.

4. Vyura wamehama. Walikuwa na kelele, sikatai, lakini hawakuwahi kuomba chai.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Ua ulipokuwa dimbwi, hakuna aliyekuja kwetu jioni. Nilikuwa nikikaa mlangoni na mke wangu, yeye akinisimulia mambo ya kazini kwake, mimi nikimkatiza kwa ushauri ambao hakuuomba. Tumeoana siku nyingi na bado kutwa nzima nilikuwa naingoja saa ile. Sasa yeye yuko nje anagawa vikombe, mimi niko jikoni naviosha, tunapishana koridoni kama wahudumu wa hoteli. Namkumbuka mke wangu, Ndugu Meneja, na tunaishi nyumba moja.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, fundi wako arudi na kuitandika upya nailoni ile ile, ambayo nimeihifadhi stoo. Bomba nalo ligeuzwe: badala ya kutoa maji uani kwenda mtaroni, liyalete maji ya paa letu uani, na jirani akikubali, hata ya paa lake. Mwisho, nipewe dhamana ya maandishi kwamba ua huu hautakauka tena. Tangazo lenu linasema hamwondoki mpaka mteja aridhike. Mimi sijaridhika, na ninyi mmeshaondoka.

Nisalimie katibu wako aliyeipokea simu yangu kwa upole, madereva, na wale wanaochanganya gundi. Hata huyo wa kofia ya kijani msalimie. Kosa lake ni kuijua kazi.

Wako katika ukame,
Mteja asiye na pa kukaa

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha mvua imenyesha, na ua umejaa maji kama zamani. Nimetoka mbio kwa furaha hadi mtaroni, kuutazama mdomo wa bomba. Umezibwa kwa matambara, yamesokomezwa kwa ustadi, na la juu kabisa ni aproni ya mke wangu. Kugeuka, huyo hapo nyuma yangu na mwavuli, wala haoni aibu. Tatizo ni kwamba wageni hawakuondoka. Wamehamia sebuleni wote, akina mama, mpiga picha na bibi harusi wake, na Dakika Mbili amejinyoosha kwenye kochi. Basi yafute yote niliyoandika hapo juu, umlete fundi azibue, watu watoke ndani. Ila mwambie asiharakishe. Naandika haya nimeegemea ukuta wa nje, mke wangu kanishikia mwavuli, maji yametufika vifundoni, na huko ndani hakuna aliyegundua kuwa hatupo.