Kimya Kwenye Reli ya Bati

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimewasilisha andiko la mradi wilayani: Matembezi Tulivu ya Kiangazi katika Njia ya Reli ya Bati. Reli yenyewe haipo. Mgodi wa madini ya bati ulipofungwa, vyuma viligeuka kengele ya kanisa na mafiga ya majirani. Limebaki tuta, nyuma ya migomba yetu. Bi Mackrine, ofisa utalii, atakuja Jumamosi kulitembea. Akiridhika, nitakuwa mratibu. Miaka miwili ya kukaa na shahada kwa Bibi inakaribia ukomo.

Alhamisi, 10 Julai

Jaribio. Kilomita moja, saa mbili na nusu. Nimesalimiwa mara arobaini na moja. Kila aliyekuwa akianika kahawa aliuliza hali ya Bibi, ya mbuzi wa Bibi, na kama nimepata kazi. Nimerudi na mkungu wa ndizi kichwani. Huo si utulivu unaotajwa vitabuni.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepita nyumba kwa nyumba. Kesho asubuhi mtu asisalimie, asilime, asitwange, asifungulie redio. Jirani yetu Celestin aliuliza kama mgeni ni mgonjwa. Nilimfafanulia dhana ya utalii tulivu. Akasema haya, msomi, tutakaa hivyo, lakini mgeni atatuelewaje? Swali la mtu asiyepitia chuo. Bibi Evaresta nimemsihi abaki ndani. Hawezi kuona mgeni akanyamaza.

Jumamosi, 12 Julai

Utekelezaji kamili. Hakuna jembe lililosikika. Wanaume waliketi kando ya tuta, mikono magotini, macho chini. Baada ya hatua kama mia, Bi Mackrine alipunguza mwendo, akatoa kanga mkobani, akajifunga.

"Poleni sana," alininong'oneza. "Mbona hukuniambia? Nani ametangulia?"

Nilitafakari. Kukanusha kungemfedhehesha mgeni rasmi. Nikasema ni bibi yangu, Evaresta.

Alifuta machozi. Akasema kijana anayetimiza wajibu siku ya msiba wa bibi yake ndiye ambaye wilaya inamhitaji, Jumatatu nikachukue barua. Kazi ilikuwa yangu kwa dakika nne hivi.

Ndipo Bibi akatokea migombani na sinia la ndizi za kuchoma. Alisema mgeni hapiti kwake kama mbwa. Bi Mackrine akamwamkia shikamoo, akampa pole, akauliza ana uhusiano gani na marehemu Evaresta.

Bibi aliweka sinia chini.

"Projest," alinigeukia, "nimekufa, na kahawa yangu bado iko juani?"

Celestin ndiye aliyeanza kucheka.

Jumatatu, 14 Julai

Andiko limerudishwa bila maelezo. Bibi haongei nami. Huzungumza na mbuzi, kwa sauti, nikiwa karibu. Celestin kila apitapo hunipa pole ya msiba.

Nimefanya tathmini. Mpango ulikuwa imara. Kasoro ni moja: marehemu aliishi karibu mno na njia. Leo nimeandaa andiko la pili, la wilaya jirani. Safari hii marehemu ni Shangazi Placidia. Yuko Biharamulo, na kupanda basi humtapisha.