Kitabu cha Mzee Siongok Kimekataliwa Kituoni

Phelix Mageto,
Mwenyekiti, Mashabiki Sugu wa Mzee Siongok,
Kituo cha Kununulia Majani Chai, nyuma ya soko,
Merigi, Bomet Mashariki.

Jumatatu, kabla lori la majani halijafika.

Kwa Daktari Fancy Chepchirchir,
Mwandishi wa Vitabu,
Kabianga.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: MAISHA YA MZEE ROBERT SIONGOK ULIYOYAANDIKA BILA KUTUULIZA

Pokea salamu kutoka Merigi, ambako kuna baridi na hatujafurahishwa nawe.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ndiye binadamu anayemjua Mzee Siongok kuliko Mzee Siongok anavyojijua. Akisahau ubeti wa wimbo wake mwenyewe huniita mimi, na kama nami nimeusahau, basi ubeti huo haukuwa na maana. Nyimbo zake sitini na tatu nazijua zote, pamoja na mbili ambazo bado hajazitunga. Shule niliachia kidato cha pili, na si kwa kushindwa. Walimu ndio waliishiwa na vitu vya kunifundisha. Tena ingawa mimi ni Mkisii, mtoto wa watu waliokuja huku kuchuma chai, nikiimba Kikipsigis chake wazee huvua kofia. Kuna wanaosema huwa wananihurumia. Huo ni wivu.

Sasa jambo lenyewe. Wajua macho ya Mzee yamekwisha, kwa hivyo kitabu chako ni lazima asomewe. Msomaji wake rasmi ni mimi. Kila alasiri majani yakishapimwa nilikuwa naenda kwake, naketi kwenye kigoda cha mlangoni, namsomea kurasa kumi huku yeye akinywa mursik yake, maziwa ya mgando ya kibuyuni, polepole. Hayo yamekwisha. Jumapili iliyopita Mzee aliamuru kitabu kifungwe na kisisomwe tena nyumbani kwake, na akasema Jumamosi ijayo kwenye uzinduzi wako kule Kericho haji. Kiti chake kitakaa kitupu mbele ya wageni wako wote. Sisi mashabiki tumeketi, tukatafakari, tukaona kwamba lawama yote ni yako. Sababu ni hizi, na nimezipa nambari ili usipotee.

1. Kuzaliwa. Sisi hapa Merigi tumejua siku zote kwamba Mzee Siongok alizaliwa siku ya mvua ya mawe, ile iliyopasua mabati ya kanisa na kuwanyamazisha vyura kwa wiki mbili. Wewe umeandika alizaliwa Jumanne, saa sita mchana, hali ya hewa ikiwa ya kawaida. Unasema uliambiwa na dadake mkubwa aliyekuwepo. Daktari, huyo dada alikuwa na miaka minne. Mtoto wa miaka minne anajua nini kuhusu mvua? Ungetuuliza sisi ambao hatukuwepo na ambao tumelifikiria jambo hili kwa makini. Mtu aliyezaliwa Jumanne ya kawaida hawezi kuimba vile.

2. Gitaa. Kila mtoto hapa anajua Mzee alijitengenezea gitaa la kwanza kwa debe la mafuta ya taa na waya wa breki ya baiskeli. Umeandika alilipata kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa anahama. Basi nikufahamishe kwamba lile debe lipo. Liko kwetu. Mamangu huwekea mayai. Halina alama ya waya popote, na hiyo yenyewe inaonyesha jinsi Mzee alivyokuwa fundi.

3. Miaka tisa ya ng'ombe. Katika sura ya tano umeeleza kwamba Mzee aliacha muziki miaka tisa akafuga ng'ombe, tena umetaja majina ya ng'ombe. Jambo hili limewaumiza mashabiki wengi. Sisi tulikuwa tukijua miaka hiyo alikuwa Ulaya. Nimemuuliza Mzee mwenyewe, na kwa masikitiko makubwa amekubaliana nawe.

4. Kiwiko. Hapa naomba utulie. Ukurasa wa tisini na sita una picha ya tamasha la sokoni Merigi. Mzee yuko katikati na gitaa lake. Ukitazama ukingoni, upande wa kushoto, kuna kiwiko cha mtu kwenye sweta ya kijani. Kiwiko hicho ni changu. Chini ya picha umeandika "Mzee Siongok akiburudisha umati." Daktari, mimi na umati ni vitu viwili. Nilisimama pale tangu asubuhi, nikabeba spika, nikafukuza mbuzi jukwaani, na historia imenibakizia kiwiko kisicho na jina. Nimewaonyesha watu kituoni, nikauvaa ule ule mkono wa sweta ili walinganishe. Wote wamekubali ni chenyewe, isipokuwa mmoja aliyesema viwiko hufanana, na huyo tumemsimamisha uanachama.

5. Kipimo. Usije ukadhani tumekuhukumu kwa chuki. Kitabu tulikipeleka kwa Nyang'au, karani wetu hapa kituoni, ambaye kazi yake ni kukagua majani. Mkulima akileta gunia, Nyang'au haangalii juu, kwa sababu juu kila mtu hupanga majani mawili na chipukizi, mazuri kama ya harusi. Yeye huingiza mkono hadi chini kabisa na kutoa konzi tatu. Akikuta majani mazee, gunia linarudi nyumbani na mwenyewe.

Basi tulimpa kitabu chako, akafumba macho, akakifungua mara tatu. Konzi ya kwanza: orodha ya miaka. Konzi ya pili: ng'ombe tena, huyo anaitwa Cheptuya na anakohoa. Konzi ya tatu: ukurasa wa shukrani, umeshukuru watu hamsini na wawili, pamoja na mama aliyekupikia chapati wakati wa kuandika. Jina la Phelix Mageto hakuna. Nyang'au alinawa mikono akasema, "Hii irudi na mwenyewe." Baadaye aliomba akisome kuanzia mwanzo, nikamwambia hiyo si desturi, hakuna karani anayekagua jani moja moja.

6. Mokaya. Hili ndilo linalouma kuliko kiwiko. Umempa marehemu Mokaya, mpiga gitaa wa pili, kurasa kumi na moja. Umeeleza walivyopendana na Mzee kama ndugu, kisha sahani ya santuri ikatoka na jina la Siongok peke yake, Mokaya akafunga gitaa kwenye shuka akarudi kwao, na wasisemezane miaka thelathini hadi akafa. Sawa, hatukatai, yalitokea. Lakini Mokaya alikuwa Mkisii. Mimi pia ni Mkisii. Inaonekana kitabu kilikuwa na nafasi moja ya Mkisii na ameikalia yeye, tena akiwa marehemu, wakati mimi niko hai, niko karibu, na ninapatikana kwa simu.

Kutokana na hayo, kamati imeamua yafuatayo, na tunaomba uyatekeleze kabla ya Jumamosi:

Vitabu vyote viondolewe madukani Kericho na virudi kwako kama gunia lililokataliwa. Kiandikwe upya, mashabiki wakisema na wewe ukiandika, kwa mwandiko mzuri. Kiwiko kipewe jina kamili na, nafasi ikiruhusu, umri na shughuli zangu. Kuanzia sasa kaunti itunge sheria kwamba hakuna maisha ya mwanamuziki yatakayochapishwa kabla ya kupitishwa kwenye kituo cha majani kilicho karibu na kwao. Na ile digrii yako ya udaktari iletwe hapa Nyang'au aitie mkono.

Mwisho, na hili tumelipitisha bila kupingwa: Mzee Siongok mwenyewe azuiwe kusimulia maisha yake bila mwenyekiti kuwepo. Tumegundua kwamba ndiye aliyekupa habari nyingi zilizotuvunja moyo. Yeye aliyaishi tu hayo maisha. Sisi ndio tuliyapenda, na mwenye kupenda ndiye anajua ilivyopaswa kuwa.

Nisalimie waliomo nyumbani kwako, wanafunzi wako, jirani zako wa Kabianga, na yule mama wa chapati, ambaye sina ugomvi naye. Mamangu anakusalimu na kusema debe halitoki. Nyang'au anakusalimu. Hata yule tuliyemsimamisha anakusalimu.

Naishia hapa kwa heshima zote, mkono ukiwa na utomvu wa chai na roho ikiwa safi,

Phelix Mageto,
Mwenyekiti (na mwenye kiwiko).

Tanbihi: Nyang'au ndiye anakuja Kabianga na barua hii, na ameisoma. Anasema nisipoongeza ukweli ataitupa mtoni. Kwa hivyo naongeza.

Ile siku nilipofika kwenye ukurasa wa tamasha la Merigi, nikimsomea Mzee, nilitafuta jina langu na sikuliona. Mzee alikuwa anangoja. Basi nikaliweka. Nikasoma kama vile limeandikwa: "Kati ya mashabiki wote, hakuna aliyemfaa Mzee kama kijana Phelix Mageto." Mzee alicheka akapiga goti lake, akasema huyo Daktari ana macho. Kesho yake nikajiongeza tena. Siku iliyofuata nikasoma nilivyombeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, na mto huo, Daktari, hata ndama huvuka bila kulowa tumbo. Mzee alisema hakumbuki, lakini kama imeandikwa basi ilitokea. Kufikia wiki ya pili nilikuwa na kurasa nne zangu mwenyewe ndani ya kitabu chako.

Ila sura ya Mokaya niliisoma ilivyo. Sikuongeza neno. Ni pale ukurasa wa mia moja arobaini na moja, ambapo Nyanchoka, mjane wake, anakueleza kwamba wimbo wa Mzee ukipigwa redioni Mokaya alikuwa anaweka kijiko chini, anawaambia watoto wanyamaze, na vidole vyake vinacheza ukingoni mwa meza hadi wimbo uishe. Na kwamba wiki yake ya mwisho aliuliza, "Siongok bado anakosea pale mwanzo?" Mzee alinifanya nisome mara mbili. Halafu akavua kofia akaishika magotini, na mursik ikakaa hapo hapo bila kunywewa. Aliniambia, "Weri, kumbe hakunikasirikia." Weri ni kama kusema kijana wangu.

Jumapili wakaja wageni. Mzee akamwambia bintiye Janeffer awasomee pale nilipombeba mtoni. Janeffer alitafuta. Akatafuta tena mbele ya wageni. Mwishowe akasema, "Baba, hapa hakuna mto."

Mzee hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kusema. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na ya Mokaya, Mageto?" Aliniita hivyo, kama mtu anayesoma orodha ya vibarua. Niliapa kwamba ile ipo. Janeffer akaufungua ukurasa akamsomea yeye mwenyewe, neno kwa neno. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa hata wewe, Janeffer, umeanza kunibembeleza." Ndipo akaamuru kitabu kifungwe.

Kwa hivyo usibadilishe kitu, Daktari. Nyang'au amekisoma chote, anasema ni majani mawili na chipukizi mpaka chini. Acha Jumanne, acha ng'ombe, acha hata kiwiko. Lakini kama bado una sauti ya Nyanchoka kwenye simu yako, ilete Merigi kabla ya Jumamosi. Na kama huna, mtafute mwenyewe umlete. Mzee anamjua kwa sauti, walikula meza moja miaka mingi. Mimi sitakanyaga pale. Nitabaki kituoni mpaka mmalize. Alilia kwa ukurasa ule, Daktari, na sasa anaamini alilia kwa uongo wangu.