Lori Lililovishwa Sweta

Kitendawili. Sema tega, usinikodolee macho. Nina ng'ombe wangu, wakati wa joto hula kibaba, wakati wa baridi hula pishi, na maziwa hajawahi kutoa hata tone. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ahsante, nimeupokea. Una mlima mmoja, juu ya mlima una zahanati, na chini una ofisi ambayo heta zake za kupasha joto hazizimwi. Na huyo ng'ombe ndiye lori la maji la ofisi hiyo.

Asubuhi moja ya msimu wa baridi tangazo lilibandikwa getini, lina mihuri miwili, mmoja wa kazi na mwingine wa mapambo. Lilisema: "Watumishi na wananchi wote mnaarifiwa kwamba kuanzia Jumatatu, baridi haitaruhusiwa kuongeza matumizi ya mafuta katika magari ya umma. Baridi itakayokaidi itachukuliwa hatua."

Aliyelisoma mpaka mstari wa mwisho ni dereva wa lori, ambaye mji mzima ulimwita Honi Tatu. Juu ya kichwa cha lori alikuwa amefunga honi tatu ndefu kama tarumbeta, na nyuma ya honi akasimamisha ubao mpana kama mlango, umeandikwa kwa rangi nyekundu: NIKIPITA MNUNE. Mwisho wa tangazo palikuwa na mstari uliomhusu yeye peke yake. Lori lisiporudi kunywa kama linywavyo wakati wa joto, mwezi ukiisha angenyang'anywa ufunguo, akabidhiwe shemeji wa Mkurugenzi wa ofisi, bwana mmoja ambaye uzoefu wake wote wa usukani ulikuwa wa baiskeli, tena ya kuazima.

Jioni akamweleza mkewe.

"Ni baridi hii, mama watoto. Asubuhi oili inakuwa nzito kama uji uliolala. Nisipoliacha lingurume kwanza, haliondoki. Matairi nayo yanasinyaa."

"Na ule ubao wako?"

"Ubao umefanya nini?"

"Unashika upepo. Mimi nikianua shuka siku ya upepo narudishwa nyuma, sembuse lori linalopanda mlima."

"Ubao ule ndio jina langu mjini."

"Basi jina lako linakunywa dizeli," mkewe akasema, akaendelea kukunja nguo.

Ofisini, wakati huo, ilikuwa imeundwa Kamati ya Kudhibiti Baridi. Ilikutana kwenye chumba chenye heta mbili. Ili wajumbe waielewe baridi kwa undani, dirisha lilifunguliwa kidogo, likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, likafungwa. Mkurugenzi, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

"Tuanze na sayansi," alisema. "Mtu akiona baridi, hufanya nini?"

"Hula sana, Mheshimiwa," akajibu Katibu wake, ambaye kwa miaka yote ya utumishi hakuwahi kukosea swali la Mkurugenzi.

"Na akivishwa sweta?"

"Hutulia, Mheshimiwa."

"Basi lori livishwe."

Makofi yakapigwa. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, hata wajumbe wakashangaa dunia imewezaje kuendesha malori uchi muda wote huo.

Honi Tatu akaitwa kuarifiwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasikiliza hadi mwisho.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Mtu akivishwa makoti na mabuti, kisha akapandishwa mlima, atachoka upesi au atachelewa kuchoka?"

Mkurugenzi akamtazama Katibu.

"Swali limepokelewa," Katibu akasema. "Litajibiwa."

"Lini, mkuu?"

"Likishaundiwa kamati ndogo."

Kuhusu ubao, Honi Tatu hakuuliza kitu. Kila mtu ana kidonda asichopenda kiguswe, na chake kilikuwa juu ya kichwa cha gari.

Fundi cherehani akaja na futi yake, akalipima lori kifua na kiuno. Likashonewa sweta la turubai lililojazwa pamba. Boneti ikafungwa skafu. Kichwani likavishwa kofia ya bati, ikakaa juu ya ule ubao, kwa kuwa hakuna aliyeagizwa kuuondoa. Matairi yakatolewa, yakaletwa mengine mapana mara mbili, ndiyo mabuti. Mbele pakafungwa ngao ya chuma yenye picha kubwa ya Mkurugenzi akitabasamu, injini ipate moyo. Lori likatoka pale kama kifungua mimba anayepelekwa shule siku ya mvua: macho tu ndiyo yanaonekana.

Wiki hiyo lilikunywa dizeli nyingi kuliko lilivyowahi kunywa tangu lizaliwe. Ripoti ya kamati ilieleza kwamba uokoaji wa mafuta umepatikana, ila umeelekea upande wa pili. Mkurugenzi akatoa waraka: kwa kuwa lori lililovaa halina sababu ya kuona kiu, haliwezi kuishiwa mafuta, na hivyo dizeli yake ikatwe nusu. Na ili wenye wasiwasi wanyamaze, siku ya kwanza atapanda nalo mwenyewe mpaka zahanati.

Alikuja amevaa koti la kufika magotini, skafu mbili, kofia ya manyoya na mabuti. Akapandishwa kwa kusukumwa. Safari ikaanza vizuri, na katikati ya mlima, ndani ya ukungu, ikaisha. Lori lilikohoa, likatikisika, likanyamaza.

"Limefanya nini?"

"Limeishiwa mafuta, Mheshimiwa."

"Haliwezi. Limevaa."

Akampigia simu mtunza mafuta wa ofisi.

"Lete dizeli hapa mlimani haraka, lori limeishiwa."

"Mheshimiwa, waraka unasema lori lililovaa haliwezi kuishiwa. Kwa hiyo halijaishiwa."

"Waraka huo nimeuandika mimi."

"Na umeuandika vizuri kweli, mkuu. Hata tundu la kupenya hukuacha."

"Basi niletee gari langu."

"Gari lako liko kwa fundi cherehani. Linapimwa mikono."

Mkurugenzi akakaa. Injini imezima, na baridi, ambayo haikuwa imesoma tangazo, ikaingia ndani ikajikunyata kati yao.

"Zahanati wana jenereta, hawakosi dizeli," Honi Tatu akasema. "Twende tukaombe. Manesi wanangoja maji tangu asubuhi, na mimi ufunguo huu nakaribia kunyang'anywa. Sitaki siku zangu za mwisho wazalishe kwa mikono mikavu."

Wakashika njia kwa miguu. Kwenye kona ya kwanza Mkurugenzi alifungua vifungo vya koti, upepo ukaingia ukalijaza, ukamrudisha hatua mbili. Akalivua, akalitundika kichakani. Mbele kidogo skafu zikafuata, kisha kofia. Mabuti aliyabeba mkononi, halafu akayaweka kando ya njia, akaketi juu ya jiwe na soksi zake, kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi.

Kule chini ukungu ulikuwa umepasuka. Lori lilionekana lote: sweta limevimba, kofia inayumba juu ya ubao, na picha inatabasamu kwenye ngao.

"Lile swali lako," Mkurugenzi akasema.

"Lipi, Mheshimiwa?"

"La makoti na mabuti."

"Katibu alisema mpaka kamati ndogo."

"Kamati ndogo ndiyo hii imekaa." Akajifuta jasho kwa mkono. "Ufunguo baki nao. Shemeji yangu mlima huu hata kwa kubebwa haumalizi."

"Na jibu la kamati, Mheshimiwa?" Honi Tatu akauliza.

"Atachoka upesi," Mkurugenzi akasema. "Kalivue lile lori. Anzia na picha yangu. Na ule ubao wako nao, usijifanye huuoni."