Kamati ya Usindikizaji na Treni ya Penrith

Inatangazwa kwa watu wote wa Afrika Mashariki waishio magharibi ya Sydney kwamba safari ya kwanza ya kwenda kazini kwa treni si jambo la mtu binafsi tena. Kuanzia mwaka huu wa 2007 iko chini ya Kamati ya Kudumu ya Usindikizaji, yenye makao makuu katika gereji yangu, Quakers Hill. Mwenyekiti ni mimi, Wekesa. Taarifa hii inahusu safari yetu ya kwanza rasmi, na nasema mapema kwamba ilifanikiwa.

Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Anasindikizwa, tena mbali, na mwenyeji ndiye anayeamua pa kugeukia. Hapa watu walikuwa wanasukumwa kwenye treni za ghorofa mbili wakiwa na karatasi ya ratiba tu mkononi. Jambo hilo lilinikera. Tuliketi vikao kumi na kimoja, tukapata katiba, muhuri na fomu ya kurasa sita. Kifungu cha Tisa, nilichokiandika kwa mkono wangu, kinasema hivi: hakuna mtu atakayesafiri kwa reli katika njia asiyoizoea bila msindikizaji. Mimi mwenyewe natembelea gari langu la Camry, lakini treni nimeziona nyingi.

Msindikizwaji wetu wa kwanza alikuwa Fébronie, mama Mrundi aliyeletwa Australia kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma. Baada ya kutafuta kazi miezi saba, alikuwa ameipata katika nyumba ya kutunzia wazee kule Kensington, upande wa pili wa jiji. Meneja alimwambia aripoti Jumatatu saa moja asubuhi. Akichelewa hata kidogo, nafasi inakwenda kwa anayemfuata kwenye orodha. Alinifuata baada ya ibada ya Jumapili.

"Mzee Prezida, mimi nilitaka maombi tu," alisema.

"Maombi yamo kwenye fomu, ukurasa wa tatu."

"Jana nilienda kujaribu njia. Nilipanda train mpaka Central, nikachukua bus. Niko naijua."

"Nani alikusindikiza?"

"Hakuna mtu."

"Basi hukwenda."

Katibu wangu Kariuki, kijana anayefanya kazi ofisini Parramatta, alilithibitisha hilo kwa muhuri. Safari isiyo na namba ya jalada haiwezi kuhesabiwa kuwa safari. Nilimwelekeza Fébronie asahau yote aliyoyaona siku ile ili aweze kuonyeshwa upya, na yeye, kwa adabu, akasema atajitahidi.

Jumatatu mimi, Kariuki na Fébronie tulikutana stesheni ya Quakers Hill saa kumi na nusu alfajiri. Ilikuwa Juni na baridi ilikuwa ya kukata masikio. Treni yetu ilipangwa kufika saa kumi na moja na dakika nne, kwa hiyo tulikuwa na muda wa kutosha wa hotuba ya ufunguzi, hotuba ya shukrani na maombi ya safari. Maombi niliyaongoza mimi. Niliwakumbuka madereva wa reli, mafundi wa reli, watunga ratiba, wazee wa Kensington mmoja mmoja ingawa siwajui majina, na serikali zote za kanda yetu. Nilipofika Burundi tulisikia treni ikiingia. Milango ikafunguka. Sasa, mtu mstaarabu hafumbui macho katikati ya maombi, achilia mbali kupanda treni. Milango ikafungwa na treni ikaondoka. Nikasema amina.

"Mzee, train imeenda," alisema Fébronie. Nashuku alikuwa amefumbua jicho moja.

"Imekwenda ikiwa imeombewa," nilimjibu.

Iliyofuata ilikuja baada ya dakika ishirini, na ilikuwa inaishia Blacktown, ambako abiria hubadilisha. Njia nzima Fébronie alitazama saa. Nilimweleza kwamba hiyo si dalili nzuri ya imani kwa Kamati.

Pale Blacktown ndipo uongozi ulipohitajika. Upande mmoja ilisimama treni iliyojaa mpaka ngazini, watu, wengi wao wajenzi, wamebanana na mabegi yao na vikombe vyao vya kahawa. Upande wa pili ilisimama treni tupu, taa zinawaka, viti vinatusubiri. Msafara rasmi hausimami kwa mguu mmoja kwapani mwa mjenzi. Niliuelekeza uingie kwenye treni tupu.

"Hiyo inaenda Penrith, Mzee," alisema Fébronie. "Inarudi magharibi, siyo mjini. Imeandikwa pale juu."

"Imeandikwa na nani?"

"Na wenye train."

"Kamati haipokei maagizo kutoka kwenye ubao. Tupige kura."

Tulipiga kura. Mimi na Kariuki tulikuwa wawili, yeye mmoja. Kariuki baadaye amedai kwamba alikuwa anajikuna kichwa, lakini mkono ulikuwa juu na nimeuhesabu. Fébronie akakumbatia begi lake, akasema, "Mtanisamehe, miezi saba ni mingi." Kisha akavuka jukwaa na kujipenyeza katikati ya wale wajenzi. Sisi tukaingia kwenye ile tupu. Milango yao ikafungwa, na yetu ikafungwa. Hapo msindikizwaji akawa ametoroka msafara, kosa ambalo katiba haikuwa imelifikiria.

Tulikaa vizuri sana. Kati ya Blacktown na Penrith tulimwandikia barua ya onyo yenye aya nne.

Saa kumi na mbili na dakika tano treni iliishia Penrith na kila mtu akashuka. Niliangalia huku na huku. Stesheni ilikuwa na ngazi kila upande na sauti ya spika iliyosema maneno mengi kwa mara moja. Kariuki akajifunga skafu.

"Mkubwa, mimi natoka," alisema. "Job inaanza saa mbili na mdosi wangu hana jokes."

"Utaniacha hapa?"

"Si ukuje tu, tuchukue hii ya kurudi town, nikushow pa kushukia."

"Na kutoka hapo pa kushukia hadi nyumbani, nani atakuwa nami?"

Kariuki akakubali kwa kichwa. "Enyewe. Kifungu cha Tisa," alisema, akapanda treni yake akaenda.

Hivyo nikabaki. Nilimpigia mke wangu, Nkatha, ambaye ni nesi na alikuwa ndio kwanza ametoka zamu ya usiku. Alitaka kuja na gari, ila ufunguo wa Camry ulikuwa mfukoni mwangu. "Panda treni, Baba Aketch," alisema. Nikamsomea Kifungu. Akakata simu. Nitasema ukweli, kwa kuwa taarifa hii haisomwi na watu wengi: niliogopa. Kila treni iliyoingia nilisimama, na kila iliyotoka nikakaa tena.

Saa nne Fébronie alipokea simu yangu akiwa kwenye mapumziko ya chai.

"Ulifika?"

"Nilifika dakika kumi mbele, Mzee. Manager amenipa uniform na roster ya zamu za mwezi mzima. Ninyi mko wapi?"

Nilikohoa kidogo. Nikamwambia mimi ni mmoja na niko Penrith.

"Usitoke hapo," alisema. "Namaliza shift saa tisa."

Alikuja saa kumi na moja jioni akiwa na sare mpya ya buluu, amesimama siku nzima na amelivuka jiji lote. Alinikuta kwenye benchi na muhuri magotini. Akaniletea soseji ndani ya mkate. Nilipomaliza kula akatoa ile fomu ya kurasa sita kwenye begi, akafuta jina lake, akaandika langu.

"Mzee, tuombe," alisema, nami nikafumba macho. Yeye hakufumba. Aliomba sentensi moja, na amina aliisema mguu wake mmoja ukiwa tayari ndani ya treni, mkono wake umenishika koti.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za Kamati, hadi leo tumemsindikiza mtu mmoja, naye alifika nyumbani salama. Sahihi ya msindikizaji ni ya Fébronie. Ya msindikizwaji ni yangu, na nimeipiga muhuri.